Nilificha shahada yangu ndipo nikaitwa kwenye usaili: je, niendelee kunyamaza?

Ndugu Mshauri,

Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa muda mrefu, na sikutarajia kwamba siku moja ningekuwa miongoni mwa wanaokuandikia. Wiki tatu kuanzia leo nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani wa hesabu, na nimeitwa kwa sababu wasifu niliowapelekea waajiri hao haukuitaja shahada yangu ya uzamili wala miaka sita niliyokuwa mkuu wa kitengo. Kila kilichoandikwa humo ni kweli. Kilichoachwa nje ndicho kinachoninyima usingizi, na ndicho ninachoomba unishauri. Lakini huwezi kunishauri vyema bila kujua nilivyofika hapa, kwa hiyo naomba univumilie.

Mimi ni mhasibu, mwanamke wa miaka 39. Nilifanya kazi katika kampuni moja kwa miaka 11, nikianzia kwenye meza ya karani, nikiingiza ankara moja baada ya nyingine, hadi nikakabidhiwa kitengo cha malipo chenye watu saba. Kisha ikaletwa programu mpya ambayo huisoma ankara yenyewe, huilinganisha na hati ya agizo na hati ya kupokelea mzigo, na kumwachia binadamu zile tu zisizolingana. Sisi wenyewe ndio tuliokesha tukisahihisha makosa yake, na sikuona, au tuseme sikutaka kuona, kwamba kazi tuliyokuwa tukiirahisisha ilikuwa yetu. Watu saba wakawa wawili, na watu wawili hawahitaji mkuu. Nililipwa stahiki zangu zote na nikaagwa kwa maneno mazuri, kwa hiyo upande huo sina kinyongo. Hiyo ni miezi 17 iliyopita.

Tangu wakati huo nimepeleka maombi 163. Idadi hiyo naijua kwa sababu mhasibu hawezi kufanya jambo bila kulifungulia daftari: mara 41 nimekataliwa kwa maandishi, mara tisa nimeitwa kwenye usaili, na maombi 113 hayakupata jibu lolote, hata la kusema kwamba yamepokelewa. Jibu moja la kukataliwa lilinifikia dakika nne baada ya kutuma maombi, usiku wa manane, saa ambayo naamini hakuna ofisa yeyote aliyekuwa macho kuyasoma. Nimekuja kuelewa kwamba waajiri wengi, hasa wakubwa, hupitisha maombi kwanza katika programu inayotafuta maneno ya tangazo ndani ya wasifu, na kwamba mtu aliyeandika kwamba amewahi “kulinganisha taarifa za benki” anaweza kuachwa kwa sababu tangazo lilisema “usuluhishi wa hesabu za benki”, ingawa ni kazi ileile. Upande wa pili nasi waombaji tumejifunza ujanja wetu. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, barua nzuri ya maombi ni kazi ya dakika moja, kwa hiyo nafasi moja huweza kupata mamia ya barua zinazofanana kama pacha, na mwajiri naye hulazimika kuongeza chujio jingine. Mara moja nilisailiwa bila msailiwa mwenzangu wala msaili: swali lilijitokeza kwenye kioo cha kompyuta, nikapewa nusu dakika ya kufikiri, kisha nikajirekodi nikijibu huku nikiutazama uso wangu mwenyewe. Nilipomaliza nilijikuta nimeiambia kompyuta “asante”.

Katika usaili niliokutana na watu, tatizo lilikuwa na sura mbili zinazopingana. Kwa nafasi za ngazi yangu ya zamani, niliulizwa kila mara nimekuwa nikifanya nini tangu nilipotoka kazini, na nilipoeleza niliona kalamu zikiwekwa chini. Nimesoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ambao watafiti walipeleka wasifu wa kubuni kwa waajiri wa kweli katika miji 100 ya Marekani, wakagundua kwamba uwezekano wa mwombaji kuitwa hupungua kadiri muda wake wa kukaa bila kazi unavyorefuka, na kwamba sehemu kubwa ya kupungua huko hutokea ndani ya miezi minane ya kwanza. Mimi nimeshaipita hiyo minane mara mbili. Kwa nafasi za chini, nako nimeambiwa kwamba nina sifa kupita kiasi. Nilipomhakikishia msaili mmoja kwamba niko tayari kuanza upya, alitabasamu kama mtu anayesikia uongo wa adabu. Sikumlaumu sana. Nilipokuwa nikiajiri mimi mwenyewe, niliwahi kumwacha mwombaji kwa sababu hiyohiyo, nikiamini kwamba angechoka upesi na kuondoka mara tu apatapo pengine pazuri zaidi.

Njia nyingine nimezijaribu. Wakala mmoja wa ajira alinitaka nilipe ada kwanza ndipo anifungulie faili, nami nikaondoka, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unataka mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze wafanyakazi ada, ingawa unazibana tu nchi zilizouridhia na unaruhusu hali chache za pekee. Nimefanya pia vibarua vya kuwafungia hesabu wafanyabiashara wadogo, mchana mmoja hapa, siku mbili pale. Kwa kipimo cha kimataifa cha takwimu za ajira, aliyefanya kazi ya malipo hata kwa saa moja katika wiki inayopimwa huhesabiwa kuwa ana kazi. Kwa hiyo zipo wiki ambazo kitakwimu mimi sikuwa na shida yoyote. Akiba yetu haisomi takwimu hizo. Tukijibana, itatufikisha miezi minne, kwa sababu mshahara wa mume wangu peke yake hautoshi.

Sasa nifike penyewe. Mwenzangu wa zamani kazini, ambaye siku hizi huketi kwenye kamati za usaili, aliusoma wasifu wangu akaniambia, “Dada, hapa umejieleza kama mtu wa kumwondoa bosi kitini. Punguza.” Nikapunguza. Nilibakisha shahada ya kwanza, nikaandika kwamba nilifanya kazi katika idara ya hesabu kwa miaka 11, nikaeleza majukumu ya karani ambayo kweli niliyafanya, na ya mkuu wa kitengo nikayafuta. Uzamili niliousomea jioni kwa miaka miwili, nikirudi nyumbani mtoto ameshalala, uliondoka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Siku tano baadaye nikapigiwa simu.

Pamoja na mwaliko wa usaili nimeletewa fomu, na mwisho wake natakiwa kutia sahihi chini ya tamko kwamba taarifa nilizotoa ni “za kweli na kamili”. Neno “kweli” halinipi shida. Neno “kamili” ndilo limenikwamisha. Nimetumia miaka nikiwafundisha vijana wa kitengo changu kwamba hesabu hupotoshwa kwa kuandika kisichokuwepo na vilevile kwa kuacha kilichokuwepo, na kwamba mkaguzi wa hesabu huyatazama yote mawili kwa jicho moja. Mume wangu anasema nachanganya mambo: wasifu si taarifa ya fedha, kila mtu huchagua cha kuweka kulingana na kazi anayoiomba, na hakuna aliyewahi kuitwa mwongo kwa kutotaja kwamba alikuwa kiranja shuleni. Kwa kuondoa shahada, nakaribia kukubaliana naye. Lakini akinyoosha mkono mtu wa kamati na kuniuliza kwa nini nilibaki karani kwa miaka 11 bila kupandishwa, nitasemaje? Hapo kunyamaza kutakuwa kumefika mwisho, na nitalazimika ama kukiri ama kudanganya waziwazi. Isitoshe, mdhamini niliyemtaja ni mkurugenzi wangu wa zamani. Akipigiwa simu atanisifu kwa nia njema kabisa kuwa nilikuwa mkuu wa kitengo hodari, na sifa hiyo ndiyo itakayonimaliza.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Binti wa dada yangu amemaliza stashahada ya uhasibu na anatafuta kazi kama hii hii ninayoiendea mimi. Hakuiomba hii, kwa hiyo simnyang'anyi mkononi, ila najua kwamba kila nafasi ya mwanzo inayochukuliwa na mtu wa umri wangu ni nafasi moja pungufu kwa wa umri wake, ambao nao huambiwa walete uzoefu ambao hakuna aliyewapa mahali pa kuupatia. Akinitembelea, tunazungumza mengine.

Naomba unisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, je, niwaeleze waajiri hawa ukweli wote kabla ya siku ya usaili, au niusubiri usaili wenyewe wanione kwanza, au ninyamaze hadi nipite kipindi cha majaribio? Mwenzangu wa zamani anasema nikisema mapema nitakuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Mimi naogopa kwamba nikichelewa, kosa litakalonifukuzisha halitakuwa tena kuwa na sifa nyingi bali kuzificha. Pili, ikiwa ushauri wako ni kusema, niyapange vipi maneno ili wasiyasikie kama majigambo ya mtu aliyeshuka ngazi wala kama kilio cha mtu aliyekata tamaa? Kazi yenyewe naitaka kwa dhati, na ningeifanya vizuri.

Wewe na wasomaji wenzangu, hasa wale ambao wamewahi kuajiri au kupitia njia hii, ningewashukuru mkinijibu bila kunionea haya. Fomu natakiwa kuirudisha wiki moja kabla ya usaili. Nimeshaijaza yote, isipokuwa mahali pa sahihi.

Wako katika heshima,
Mhasibu asiye na hesabu za kufunga