Magari ya kale ya Lubumbashi yaandikwe kabla hayajapelekwa kwenye mizani ya vyuma chakavu

Mheshimiwa Mhariri,

Katika toleo lenu la hivi karibuni, msomaji mmoja aliwaomba viongozi wa jiji waondoe barabarani kila gari lililozeeka, akidai kwamba mikweche hiyo inatuaibisha mbele ya wageni wanaokuja Lubumbashi kwa shughuli za migodi. Naomba nafasi nimjibu bila ugomvi, kwa sababu ombi lake likitekelezwa kama alivyoliandika, tutapoteza kitu ambacho miji mingine hukitunza kwa fedha nyingi katika majumba ya makumbusho, ilhali kwetu kinapita mitaani na hakuna anayetozwa kiingilio kukitazama.

Nianze kwa kumpa haki yake. Gari lisiloshika breki ni hatari, liwe la mwaka 1965 au la mwaka 2015, na moshi mweusi hauna heshima kwa mapafu ya mtu yeyote. Ukaguzi wa kiufundi ufanywe bila upendeleo, na gari litakaloshindwa lisimame mpaka fundi alitengeneze. Ila ukaguzi huo upime breki, usukani, taa na matairi, usiishie kusoma mwaka ulioandikwa kwenye karte roze, yaani hati ya usajili wa gari, na kutoa hukumu hapo hapo.

Liko shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966. Shirikisho hilo hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali inayolingana na asili yake, na likiwa halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotufungia mlango. Pikapu ya Peugeot 404 inayopakia mifuko ya makaa na mahindi kwenye barabara ya Kasenga haiwezi kuingia katika daftari hilo, kwa kosa la kuwa bado inafanya kazi yake. Naelewa kwamba walioweka sharti walitaka kulitenga gari linalohifadhiwa na gari linalochakazwa tu, na huko Ulaya huenda mpaka huo unaeleweka. Katika jiji letu mpaka huo haupo: anayelitumia gari la kale kila siku ndiye huyo huyo anayelihifadhi, kwa kuwa hana lingine, na gari likisimama mwezi mmoja litaanza kuvuliwa vipuri. Basi kama hakuna daftari la nje linalotufaa, tufungue letu. Ombi langu kwenu, Mheshimiwa Mhariri, ni hilo, na sehemu kubwa ya barua hii inahusu namna ya kuliandika, kwa sababu mtu hawezi kuandika asichokitambua.

Anayetaka kuanza atazame kwanza usukani. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo gari lililoagizwa likiwa jipya kwa ajili ya Kongo huwa na usukani kushoto. Zambia na Tanzania wanaendesha upande wa kushoto, na magari yaliyotumika Japani, ambayo leo hutufikia kwa njia ya Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, yana usukani kulia. Kwa hiyo ukikutana na gari la miaka ya 1950 au 1960 lenye usukani kushoto, muulize mwenyewe lilifika kwa njia ipi. Reli ya Benguela, iliyounganishwa na reli za Katanga mwaka 1931, ilikuwa njia yetu fupi kutoka bahari ya Atlantiki kupitia bandari ya Lobito, hadi vita vya Angola vilipoikata mwaka 1975. Gari la umri huo huo lenye usukani kulia huenda nalo lilipanda kutoka kusini, Rhodesia au Afrika ya Kusini. Kabla hata hujajua jina la kiwanda, usukani umekwisha kukueleza jiji hili lilikuwa likielekeza uso wapi mwaka ule.

Volkswagen ya injini nyuma, ile iitwayo Beetle, ilitengenezwa zaidi ya mara milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, mwezi wa Julai 2003. Kwa wingi huo, wengi hudhani hakuna Volkswagen iliyo adimu, na hapo ndipo mtazamaji makini anapowapita. Hadi mwezi wa Machi 1953 dirisha la nyuma lilikuwa na vioo viwili vilivyotenganishwa na kipande cha chuma. Kuanzia hapo hadi mwaka 1957 likawa kioo kimoja chenye umbo la yai. Baadaye likapanuliwa likawa la pembe nne. Taa za mbele nazo zina ushahidi wao, kwani zile za zamani hulala kufuata mteremko wa madigadi, wakati za kuanzia Agosti 1967 husimama wima. Mimi naliamini dirisha kuliko taa. Madigadi hung'olewa kila gari linapogongwa na kubadilishwa kwa yanayopatikana siku hiyo, ila umbo la dirisha limo katika bodi lenyewe, na si rahisi fundi kulibuni upya. Mwenye gari akikuruhusu kuinua kiti cha nyuma, utaikuta nambari ya chasisi imegongwa kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu, na nambari hiyo humaliza ubishi wote wa madigadi na rangi.

Peugeot 404 ilizinduliwa mwaka 1960. Mchoro wake ni wa Pininfarina wa Italia, ina mapezi mawili madogo nyuma, na injini yake imelazwa kwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini. Wasomaji wenu vijana labda hawajui kwamba gari hilo lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na kwamba aliyeliendesha katika ushindi wa 1966 na 1967 ni Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Gari lililozoea matope na mashimo ya mbio zile halikuona ajabu kubwa katika barabara zetu. Hata hivyo watu wengi huteleza wanapolitambua, kwa sababu Austin Cambridge na Morris Oxford zilizotoka mwaka 1959 zina mapezi ya aina hiyo na sura inayokaribiana sana, na sababu yake ni kwamba nazo zilichorwa na Pininfarina huyo huyo. Mwenye shaka atafute simba wa Peugeot kwenye grili, kisha atazame tena usukani.

Land Rover inahitaji subira zaidi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na bodi lake lilikuwa la alumini kwa sababu, baada ya vita, chuma kiligawiwa kwa kipimo nchini Uingereza. Yupo ndugu yake ambaye watazamaji wachache wanamfahamu: kuanzia mwaka 1952 kiwanda cha Minerva cha Antwerp, Ubelgiji, kiliunganisha Land Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, na zile zilikuwa na bodi la chuma na madigadi ya mbele yaliyokatwa kwa mteremko. Tembea na sumaku ndogo mfukoni. Ikinasa kwenye madigadi ya Land Rover ya miaka ile, simama utazame vizuri, ingawa ni lazima ukumbuke kwamba mafundi wetu wameziba matundu mengi kwa bati la pipa, na sumaku haijui tofauti.

Kuhusu Mercedes-Benz sitasema mengi. Ile ya ukubwa wa kati yenye taa za mbele zilizosimama ni ya mwaka 1968 hadi 1976. Iliyofuata, yenye taa zilizolala, ilitengenezwa kwa mamilioni na bado inapatikana. Daftari likiwa na nafasi, iandikwe. Lisipokuwa na nafasi, ingoje.

Yamedumu kwa nini magari haya? Sababu moja ni hewa yetu. Lubumbashi iko juu, kwenye mita 1,200 hivi, kila upande bahari iko mbali zaidi ya kilomita 1,000, na karibu nusu ya mwaka hatuoni mvua. Kutu inayokula magari ya pwani, na ile inayoletwa na chumvi wanayomwaga barabarani Ubelgiji wakati wa baridi kali, kwetu haina chakula kingi. Sababu ya pili, iliyo kubwa zaidi kwa maoni yangu, ni mafundi wa garaji za mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo, wanaochonga bushi kutoka kipande cha chuma na kuwekea Land Rover injini ya Toyota pale ile ya asili inapokataa kabisa. Mkusanyaji wa Ulaya angesema gari la namna hiyo limeharibiwa. Mimi ningeandika katika daftari injini iliyotolewa, iliyowekwa, na jina la garaji iliyofanya kazi hiyo kama fundi anakubali, kwa kuwa mabadiliko hayo ni habari ya Lubumbashi, na habari za kiwanda tayari ziko vitabuni. Hata watoto wetu wanaotengeneza magari ya waya wamekuwa wakiandika historia hii kwa namna yao. Mtazame mtoto anavyokunja waya wa boneti, utajua ni gari gani hupita mtaani kwao.

Hofu yangu haiko kwa askari wa barabarani wala kwa msomaji ninayemjibu. Iko kwa mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Baba mwenye nyumba anapofariki, gari lililokuwa likikaa nyuma ya uwanja chini ya mwembe ndilo la kwanza kuuzwa, kwa sababu haligawanyiki kati ya watoto na fedha za kilio zinahitajika upesi. Hununuliwa kwa kilo. Karatasi zake, ambazo pengine zingeeleza lilinunuliwa wapi na mwaka gani, huchomwa pamoja na takataka nyingine za nyumba. Sizilaumu familia hizo, maana njaa ya wiki hii haiwezi kungoja makumbusho. Lakini picha na nusu ukurasa wa maandishi havimzuii mtu kuuza.

Kwa hiyo naomba gazeti lenu litenge pembe ndogo kila wiki kwa gari moja: aina yake, mwaka unaokadiriwa na ushahidi wa makadirio hayo, upande wa usukani, injini iliyomo, kazi linayoifanya sasa, na maneno ya mwenye gari mwenyewe. Nakala zikitumwa pia kwa Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi, zitakuwa na pa kukaa baada ya gazeti kufungiwa maandazi. Wasomaji watakaopiga picha wamsalimie kwanza mwenye gari na kumwomba ruhusa, wafiche nambari za bamba, wala wasiinue simu karibu na kambi ya askari au ofisi ya serikali, hata kama huko ndiko limeegeshwa gari zuri kuliko yote.

Kwa kuanza, naambatanisha picha ya Volkswagen yenye dirisha la umbo la yai, ambayo mzee mwenye gari bado huenda nayo sokoni na kanisani. Mzee huyo amekubali picha ichapishwe, ila ameomba mtaa wake usitajwe. Kioo hicho cha nyuma kimepasuka na kwa sasa kimezibwa kwa plastiki. Msomaji yeyote mwenye kioo cha aina hiyo, au anayejua bodi lililotupwa ambalo bado linacho, tafadhali aandike kupitia ofisi yenu, nami nitamfikishia mzee ujumbe.

Wenu katika usomaji,

Msomaji wa Kamalondo,
Lubumbashi