Korosho na mbaazi, mteja ni yule yule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Huku kwetu Newala kila akija mtaalamu kwenye kikao cha wakulima wimbo ni mmoja tu, limeni mazao mchanganyiko, msitegemee korosho peke yake, umaskini utapungua. Mi sipingi. Ila nataka kuuliza, mchanganyiko upi? Maana sisi tulishachanganya na tukaumia.

Tukumbushane. Kuna kipindi mbaazi ilikuwa kilo inapita shilingi 2,000, kila mwenye kipande akapanda mpaka kwenye mipaka. Agosti 2017 India ambaye ndo mnunuzi mkubwa akaweka kikomo, mbaazi zinazoingia kwake kwa mwaka zisizidi tani 200,000, hizo ni za dunia nzima sio zetu peke yetu, sababu wakulima wake wenyewe walikuwa wamevuna sana na bei kwao imeanguka. Huku kilo ikashuka mpaka 150. Wengine hawakuvuna kabisa, walikata miti wakafanya kuni. Mimi nilibaki na magunia manne ndani, tukala mbaazi za nazi mpaka watoto wakichungulia sufuria wananuna.

Haya, 2018 ikawa zamu ya korosho. Mnadani bei ikawa ndogo, wakulima tukagoma kuuza, Novemba serikali ikatangaza kununua zote kwa 3,300 na jeshi likaja kuzisomba. Bei haikuwa mbaya jamani, tusiseme uongo, ila kulikuwa na uhakiki, mwenye zaidi ya kilo 1,500 mpaka shamba lake likaguliwe, malipo yakachelewa, na wengine mpaka msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, unafika mfukoni hamna kitu. Waliokuwa wameshachukua hela za kangomba, yaani wameuza korosho kwa bei ya kutupa kwa walanguzi kabla ya msimu, ndo usiseme.

Sasa angalia hapo. Korosho ghafi kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa India, Vietnam akaja kuongezea. Mbaazi ni India. Hata choroko tuliyoambiwa ni zao jipya la biashara, soko lake kubwa lilikuwa India tena. Yani mtu ana mazao matatu kwenye daftari la AMCOS, chama chetu cha ushirika, kwenye ripoti anahesabika kachanganya, kumbe mlango wa kutokea ni mmoja na ufunguo hana yeye. Ufuta angalau wanunua na Wachina na Wajapani, na hela yake inaingia katikati ya mwaka wakati ya korosho ya Oktoba imeshaisha zamani. Huo ndo mchanganyiko ninaouelewa mimi, mteja tofauti na mwezi tofauti.

Na kiwepo kitu kinacholiwa. Kipindi kile cha shida kilichotuvusha nyumbani kwangu ni muhogo. Tulimenya tukaanika makopa, mama watoto akawa anauza kuku mmoja mmoja, sabuni na madaftari vikapatikana. Ila muhogo kwenye vikao hautajwi, unaonekana chakula cha shida. Salfa ya korosho miaka hii tumeletewa ya ruzuku, tunashukuru, lakini ulizia mbegu safi ya muhogo isiyo na magonjwa ya batobato wala michirizi uone utazungushwa mpaka uchoke.

Kuna jambo jingine wataalamu wanalipita haraka, nalo ni kivuli. Wanasema panda mikunde katikati ya mikorosho, sawa, kwa shamba jipya lenye nafasi ya mita 12 kwa 12 inawezekana miaka ya mwanzo. Ila mikorosho yetu ya urithi wazee walipanda bila kamba, imefungana, chini hata jua halifiki. Kupanda kitu hapo lazima ung'oe baadhi. Nani atang'oa mkorosho wakati Oktoba 2024 mnada wa kwanza umetoa zaidi ya 4,000 kwa kilo? Mimi mwenyewe nimeshika shoka mara mbili nikarudi nalo ndani. Mbegu bora za mikorosho watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wanazo na kazi yao naiheshimu, ila mtu anahitaji kitu cha kula ile miaka anayosubiri mti mpya uzae, na hapo hakuna anayesema lolote.

Kama mtaalamu wetu anasoma gazeti hili, kikao kijacho aje na pingili za muhogo kwenye gari, majembe tunayo.

Mkulima,
Newala, Mtwara