Boti ya faiba isiyoweza kupwelewa haitufai

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzetu wanaoagiza au kuunda boti ndogo za matanga, za faiba, kwa ajili ya matembezi hapa Unguja na Pemba.

Wengi huvutiwa na boti yenye mkuku (uti wa chini ya tumbo la chombo) mmoja mwembamba, mfano wa pezi, unaozama mita moja na nusu au zaidi. Kwa kupiga bisha, yaani kwenda joshi kinyume cha upepo, haina mpinzani. Lakini umbo hilo limekusudiwa bandari ambamo chombo kinaelea saa zote. Kwetu maji ya bamvua hupwa karibu mita 4, na Chwaka, Paje au Jambiani ufuo hubaki mkavu mbali sana. Boti ya pezi ikipwelewa, yaani ikiachwa na maji chini, hulala ubavu, na maji yakijaa yanaweza kuingia kwa mlango wa chumba kabla haijanyanyuka.

Kwa boti ya mita 7 au 8, bora mikuku miwili mifupi, mmoja kila upande wa tumbo. Waingereza walianza kuunda boti ya namna hiyo, Westerly Centaur, mwaka 1969, kwa mchoro wa ofisi ya wasanifu wa boti ya Laurent Giles. Inazama kama sentimita 90 tu na husimama yenyewe mchangani. Haiukaribii upepo kama ya pezi, ni kweli, ila kwa safari ya kwenda kisiwa cha Misali na kurudi hasara hiyo inavumilika.

Mikuku miwili nayo ina ugonjwa wake, na Centaur nyingi zimeugua. Kila boti ikikaa chini, uzito huisukuma mikuku itanuke kwa nje, na faiba iliyo juu yake hupinda na kurudi mpaka inachoka. Dawa yake ni mataruma (mbavu za ndani) imara yanayokata tumbo kutoka mkuku hadi mkuku, yagandishwe na faiba pande zote kabla ya kufunga bolti. Mkeka wa nyuzi za faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa takriban milimita 1 kwa tabaka, kwa hiyo ubavu wa milimita 6 ni matabaka sita. Penye mkuku unene uwe angalau maradufu, na upungue taratibu: kila tabaka lipitilize la chini yake kwa sentimita 5. Unene ukikatika ghafla, ufa huanzia hapo hapo.

Farumi, yaani uzito wa chini unaoizuia boti isipinduke, iwe kati ya asilimia 35 na 45 ya uzito wa boti, na asiipunguze mtu ili apakie abiria zaidi. Risasi ni bora kuliko chuma, maana lita moja ina kilo 11.3 na ya chuma haizidi 8, tena risasi haishiki kutu.

Nasisitiza zaidi bolti za chuma cha pua zinazoushika mkuku. Chuma cha pua hudumu kwa sababu ya hewa. Bolti iliyobanwa kati ya faiba na mkuku, ikapata maji ya chumvi yasiyotembea, huliwa shingoni huku nati inang'aa juu. Kuitazama kutoka ndani hakutoshi. Michirizi ya kutu kwenye kiungo cha mkuku, au ngama (maji ya ndani chini ya boti) isiyokauka, ni dalili ya kutosha kuipandisha boti.

Ikigonga mwamba, mwenyewe hutazama mbele ya mkuku palipokwaruzika. Akague na nyuma pia: mkuku ukisukumwa na mwamba, ncha yake ya nyuma huinuka na kulipiga tumbo. Faiba iliyopauka karibu na taruma la nyuma, au sauti butu ukigonga kwa nyundo ndogo, maana yake matabaka yameachana. Kupaka resini juu ni kuficha tu. Sharti isagwe mpaka faiba nzima, ndipo ijengwe upya.

Nawaomba wanaokagua vyombo hivi kabla ya kupewa leseni wasiishie kuhesabu maboya. Boti iliyotumika iliyotoka nje ing'olewe bolti moja ya mkuku mbele ya mkaguzi, na iwe ya nyuma kabisa.

Fundi wa faiba,
Nungwi, Unguja