Barua kwa mwanangu: kunoa randa za nakshi

Bukavu

Mwanangu mpendwa,

Zile randa tatu za nakshi, zenye soli (upande wa chini) na chuma vya umbo la nakshi, nimezituma na boti ya Goma, zimo ndani ya gunia. Zikifika, usikimbilie kinoo. Toa vyuma, yaani visu vya randa, kwanza: gonga kisigino cha randa kwa nyundo ya mti mpaka kabari ilegee. Kabari usiipige ubavuni. Ncha yake ni nyembamba, na ikimeguka maranda yatakuwa yanakwama mdomoni.

Kutu iondoe kwa msasa na mafuta ya taa. Ubapa wa nyuma ya chuma, sentimita 2 au 3 kuanzia kwenye makali, lazima ulale sawasawa juu ya kioo. Kishimo cha kutu kikigusa makali, saga mpaka ukipite. Bila hivyo kitaacha mstari juu ya ubao kila unapopitisha randa.

Sasa rudisha chuma, kaza kabari kidogo, geuza soli juu na uchungulie kutoka mbele ukielekea kwenye mwanga. Makali yaonekane kama unywele mweusi wenye unene mmoja kuanzia upande huu mpaka ule. Palipo nene, randa itachimba na kusakama. Pasipoonekana kitu, hapo mti utasuguliwa tu. Soli ndiyo inayoamuru, chuma kinafuata. Kwa hiyo paka wino nyuma ya chuma, kisukume kitokeze kidogo, chora umbo la soli kwa msumari uliochongoka, kisha ondoa kila kilichozidi mstari.

Usikate chuma kwa kufuata karatasi ya nakshi yenyewe, maana chuma kimelala ndani ya randa. Nakshi ya kina cha milimita 10 inataka umbo la milimita 13 kwenye chuma kilicholazwa digrii 50, na 14 hivi kikiwa digrii 45. Mafundi wengi huharibia hapo.

Ukiona tupa inateleza juu ya chuma, ujue chuma ni kigumu. Tumia jiwe la umeme polepole na uchovye majini kila mara. Kikigeuka bluu kimepoteza ugumu, na sehemu hiyo utaisaga yote. Mlalo wa makali uwe digrii 25 hadi 30. Umbo linaposimama wima, saga mlalo kidogo na ubavuni mwa chuma pia, la sivyo utasugua mti mpaka uungue.

Kunoa kwenyewe ni kazi nyepesi: msasa wa maji namba 400, 800, 1200, kisha 2000, umeviringishwa kwenye kijiti cha duara kidogo kuliko tundu la umbo. Kijiti kikiwa kikubwa kitagusa kingo peke yake na kuziviringa. Noa mpaka kidole kisikie unyuzi wa chuma nyuma, halafu laza ubapa na uuondoe kwa kusugua mara chache. Usiinue mkono hata kidogo! Ukiweka mlalo wa pili upande ule, umbo limebadilika.

Kwenye ubao wa mti wa libuyu anzia mwisho wa ubao, sukuma vipande vifupi huku ukirudi nyuma, na mwishoni upitishe randa urefu wote. Soli ipake mshumaa. Jioni legeza kabari, kwa sababu mti ukivimba na mvua za huku kwetu mwili wa randa unapasuka. Ile yenye ufa iache ya mwisho. Ufa wake utiwe gundi kwanza, ukauke siku nzima ukiwa umebanwa.

Papa yako