Barua ya wazi kwa somo yangu: naomba vitambaa vianikwe juani

Somo yangu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa hapa Ngamiani, Tanga, kwa jambo ambalo nimeona vigumu kulisema uso kwa uso. Binti yangu alivunja ungo mwezi uliopita, na kwa desturi yetu si mimi mama yake nitakayemfunda bali ni wewe, kama ulivyonifunda mimi. Sina ninayemwamini zaidi yako. Ulinifundisha kujitwahirisha, kukunja kitambaa cha hedhi na kukifunga kisivuje, wakati wenzangu wengi waliachwa wajifunze wenyewe kwa hofu. Lakini yapo mambo ambayo wewe pia hukuambiwa na waliokufunda, nami naomba mwanangu ayasikie kinywani mwako.

Uliniambia vitambaa visionwe na mwanamume yeyote, nikatii. Nilivianika chumbani, kwenye kamba nyuma ya kabati, nikavifunika kwa kanga kuukuu. Nawe unaijua hewa ya Tanga wakati wa masika, kitambaa hulala siku mbili kikavunda, na ukikibana vidoleni bado unausikia ubichi wake. Nilikivaa hivyo hivyo. Nikawashwa na kuchubuka miezi mingi, nikidhani kila mwanamke ndivyo anavyoishi. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na maji safi, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa, kwa sababu unyevu ndio unaolea vijidudu na ukungu, na akiwa mwezini akibadilishe kila baada ya saa nne hadi sita. Taulo za kike za dukani zipo, ila si kila mwezi tunazimudu. Kodi ya ongezeko la thamani iliyoondolewa kwenye taulo hizo mwaka 2018 ilirudishwa mwaka 2019, kwa hiyo vitambaa tungali navyo.

Naomba pia asiambiwe kwamba hiyo ni damu chafu. Kila mwezi mji wa mimba hujitandika utando laini wenye damu ili yai likirutubishwa lipate pa kukaa. Lisiporutubishwa, homoni hushuka, na utando ule hubanduka ukatoka. Hakuna uchafu unaosafishwa hapo.

Chango nalo, yale maumivu ya tumbo ya mwezini, lina sababu yake. Utando unapobanduka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya msuli wa mji wa mimba ujikaze. Ndiyo maana chupa ya maji ya moto tumboni hutuliza, na dawa ya ibuprofeni, ambayo hupunguza kemikali hizo, humsaidia asiyekatazwa kuitumia. Wewe uliniambia nivumilie, nami nilivumilia, nimejikunja mkekani huku wenzangu wakifanya mtihani. Maumivu yanayomzuia msichana kwenda shule kila mwezi si ya kuvumiliwa, Somo, kwani huenda ni endometriosisi, ugonjwa ambao utando kama ule wa mji wa mimba huota nje yake. Na damu inayolowanisha pedi nzima kila baada ya saa moja au mbili, au inayoendelea kupita siku saba, inaweza kumletea upungufu wa damu. Yote mawili ni ya kupelekwa hospitali.

Tayari sisi wanawake tunazihesabu siku zetu katika Ramadhani, tukajua ni funga ngapi za kulipa. Basi mfundishe ahesabu miezi yote, aandike siku inapoanza na siku inapokoma. Kwa msichana wa umri wake, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida, kwa hiyo asitishike siku zikichelewa kidogo, wala asishukiwe.

Nimemkatia vitambaa sita vya pamba, na kamba nimeifunga uani, karibu na mlimau, pale jua linapopiga tangu asubuhi. Baba yake nimeshamweleza, naye hakuwa na neno. Ukija Ijumaa, naomba kitambaa cha kwanza ukianike wewe mwenyewe, naye akikutazama.

Mwali wako.