Asante, fundi wa springi

Mzee wangu fundi redio, uliyenisaidia Jumamosi ukaondoka kabla sijakuuliza jina, shikamoo na asante sana. Kile kisanduku cha mwangwi, chenye springi ndani zinazotikiswa na sauti, nilichokitoa kwenye amplifaya mbovu ya gitaa kilikuwa kinanguruma tu, nusura nikitupe. Wewe ukakisogeza mbali na transfoma, ukakigeuza taratibu huku umetega sikio kwenye spika, mpaka mngurumo ukafa. Kumbe koili ya kuingizia sauti ni ya omu 8, yaani ukinzani wake wa umeme ni mdogo, inataka isukumwe na amplifaya ndogo, na sauti inayotoka upande wa pili ni dhaifu, lazima ikuzwe tena. Besi ukaipunguza kabla haijafika kwenye springi. Jana nimerekodi chumbani, gitaa linalia kama liko ukumbini. Mlango ukibamizwa springi zinapiga radi, lakini hiyo nimeipenda. Soda yako bado iko kwenye friji.