Mfumo wa ofisini ajaribu kwanza anayekaa kaunta

Mhariri,

Naomba kanafasi niseme hili maana linaniuma. Kazi yangu ni kujaribu programu za kompyuta kabla hazijaanza kutumika, na hizi zangu we msomaji huzikuti popote kwenye intaneti, ni mifumo ya ndani, ya mikopo, ya stoo, ya mishahara, wanaingia wafanyakazi tu. Programu ya simu ya wananchi ikisumbua, siku hiyohiyo mitandaoni hakukaliki. Ya ndani ikisumbua anayejua ni keshia peke yake, na akisema anaambiwa hajui kompyuta, au anaonekana mwizi kabisa.

Mimi yalinikuta. Zamani nilikuwa keshia kwenye ushirika mmoja wa akiba na mikopo, tukaletewa mfumo mpya, waliotengeneza walikuwa wameujaribu ofisini kwao mjini kwenye intaneti kali, sisi tawini mtandao unakata kila saa. Nikaingiza akiba ya mwanachama, skrini inazunguka tu, nikabonyeza tena, kumbe zote mbili zimeingia. Jioni nafunga hesabu droo pungufu ya Sh. 200,000. Nikakatwa mshahara miezi miwili na hakuna hata mtu aliyeenda kuangalia ule mfumo.

Baadae ndo nikaja kusoma habari za Uingereza. Posta yao ilianza kuweka mfumo unaitwa Horizon mwaka 1999, wa kampuni ya Fujitsu, na watu zaidi ya 900 wa matawini walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu sababu ya hesabu za mfumo huo, wengine wakafungwa jela. 2019 ndo Mahakama Kuu ikasema mfumo ulikuwa na kasoro, na 2024 ikatungwa sheria ya kufuta zile hukumu. Kuna tawi moja Scotland waliingiza pauni 8,000, skrini ikabaki palepale, wakabonyeza tena na tena, mfumo ukaandika mara 4 afu ukadai pauni 24,000 hazipo. Nilivyosoma hapo niliiona droo yangu.

Sasa mameneja, mkileta mfumo mpya msiishie kuonyeshwa kwenye projekta. Upelekeni tawi la mbali, kwenye kompyuta yao ileile na bando lao lilelile, keshia abonyeze mara mbili makusudi, umeme uzimwe katikati ya muamala, karani wa kawaida ajaribu kuidhinisha mkopo wake mwenyewe muone kama utamkatalia. Najua mtasema data za wanachama ni siri, sawa, badilisheni majina na namba za simu kwenye nakala ya majaribio, inafanyika kila siku. Na daftari la zamani lisifungwe mpaka angalau mwisho wa mwezi mmoja upite hesabu zikilingana.

Ile laki mbili sijarudishiwa, na mfumo nasikia upo kaunta ileile, kakaa binti mwingine.

Mjaribu programu, Mbeya
(Jina limehifadhiwa)